Busia na Tororo: Maafa Hayaulizi Kitambulisho



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, leo tunazungumza juu ya historia ya mipango ya kukabili maafa. Ni jambo linalozungumzwa sana yakishatokea, na kusahaulika sana yakishapita. Tumechagua mahali pamoja tu ili mazungumzo yasiwe ya hewani, nako ni Busia na Tororo, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda.

Aliyesafiri kwa basi kutoka Nairobi kwenda Kampala anapafahamu. Ama utapita Busia, mji wenye jina moja katika nchi mbili, ama utapita Malaba, na mwendo mfupi baada ya hapo utauona mwamba mkubwa wa Tororo umesimama peke yake. Wasamia wako pande zote mbili za mpaka, na Wateso vivyo hivyo. Mtu anaweza kuoa ng'ambo, kulima ng'ambo na kuzika ng'ambo. Sokoni Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wauzaji na wanunuzi.

Sasa tujiulize. Kenya ina mpango wake wa taifa wa kukabili maafa, na Uganda ina wake. Lakini mafuriko, inzi mwenye ugonjwa na virusi havijawahi kusimama forodhani vikangoja mhuri. Je, watu wa mpakani wamelindwa vipi kwa zaidi ya miaka 100 iliyopita? Na sisi tunajifunza nini?

MPAKA NA MALALE VILIKUJA PAMOJA

Wanafunzi wengi hawajui kwamba mwanzoni mwa utawala wa Waingereza, Busia yote, Kisumu na nchi mpaka karibu na Naivasha zilikuwa upande wa Uganda. Tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza waliukata mkoa wa mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika ziwani Kisumu mwishoni mwa 1901, na wakubwa walipenda iwe chini ya utawala mmoja. Basi mstari ukapita katikati ya nchi ya Wasamia.

Wakati ule ule ugonjwa wa malale ulikuwa unateketeza watu kando ya ziwa. Mwaka 1901 madaktari wa hospitali ya Mengo, Albert Cook na nduguye Jack Cook, waliwatambua wagonjwa wa mwanzo. Mtu alianza na homa na kuumwa kichwa, kisha usingizi usio wa kawaida, kisha akapoteza fahamu na kufa. Ilikuja kujulikana kwamba mwenye kuueneza ni mbung'o. Inakadiriwa kwamba katika Busoga na Buganda walikufa zaidi ya watu 200,000 katika miaka michache. Mwambao wa Samia na Bunyala, ambao sasa ulihesabiwa kuwa nchi nyingine, nao haukusalimika.

Gavana wa Uganda, Hesketh Bell, alipofika mwaka 1906 alitoa amri kwamba watu wahamishwe kutoka kandokando ya ziwa. Vijiji vikavunjwa na uvuvi ukapigwa marufuku. Kitaalamu palikuwa na mantiki, kwani mtu akitenganishwa na mbung'o ugonjwa unakatika. Lakini waliohamishwa hawakushauriwa. Walipoteza mashamba, makaburi ya wazee wao na kitoweo chao, na nchi waliyoiacha ikaota pori, na pori ndilo nyumba ya mbung'o.

Huu tunaweza kuuita mpango wa kwanza wa serikali wa kukabili maafa katika eneo hili. Ulikuwa na nguvu ya amri, haukuwa na sikio.

TORORO, MAKAO YA UTAFITI

Katika miaka ya 1950 lilifanyika jambo la busara. Serikali za Afrika Mashariki ziliweka mjini Tororo makao ya shirika moja la utafiti wa malale na nagana, yaani ugonjwa huo huo kwa upande wa mifugo. Likajulikana kwa kifupi kama EATRO. Watafiti wake walihudumia Kenya, Uganda na Tanganyika. Hapakuwa na swali la mbung'o huyu ni wa nani. Baada ya uhuru shirika likaendelea chini ya ushirikiano wa nchi tatu.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Wengi tunakumbuka habari za ndege na mabehewa ya treni yaliyogombaniwa. Wachache wanakumbuka kwamba utafiti wa malale nao uligawanyika. Tororo ikabaki na shirika la Uganda peke yake, na Kenya ikaunda lake, KETRI, ambalo baadaye lilitibu wagonjwa wa malale huko Alupe, nje kidogo ya mji wa Busia.

Na angalia wakati wenyewe. Mwaka 1976 malale yalikuwa yamelipuka upya Busoga. Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin, uchumi umeanguka, mashamba ya kahawa na pamba yametelekezwa na kuota vichaka, na kazi ya kudhibiti mbung'o imesimama kwa kukosa fedha na watu. Ugonjwa ukaenea mwaka hadi mwaka, na katika miaka ya 1980 ukaingia Tororo na kuua watu huko. Haukukoma hapo, bali ulivuka mpaka mpaka Busia na Teso upande wa Kenya. Mgonjwa wa upande mmoja alikuwa jirani wa mgonjwa wa upande wa pili, lakini daftari zao zilikuwa katika wizara mbili.

Mambo yalibadilika pale kazi iliporudi kuwa ya vijiji na ya pamoja. Mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi, ambayo mbung'o huifuata kwa kupenda rangi, ilitundikwa vichakani, na wanakijiji wenyewe wakafundishwa kuitunza. Kuanzia 1999 mradi mmoja uliogharamiwa na Umoja wa Ulaya ulifanya kazi pande zote mbili za mpaka, ukiunganisha udhibiti wa mbung'o na kilimo na mifugo. Wataalamu walikuwa wameshafahamu kwamba aina ya malale ya eneo hili hukaa ndani ya ng'ombe bila kumdhuru sana. Ng'ombe mmoja akiuzwa mnadani bila dawa anaweza kuufikisha ugonjwa mahali ambapo haukuwahi kuwapo. Ndivyo ilivyotokea Soroti mwishoni mwa 1998, pale ng'ombe walipopelekwa huko kutoka wilaya zenye malale.

Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndani ya Kenya alipatikana mwaka 2009. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba nchini Kenya malale si tishio tena kwa afya ya umma. Ni ushindi mkubwa, lakini tujue kwamba ulichukua zaidi ya miaka 100, na miaka kadhaa katika hiyo ilipotea kwa sababu ya ugomvi wa wakubwa.

MITO MIWILI

Tuje kwenye maji. Mlima Elgon umesimama juu ya eneo hili lote kama paa, na mvua ikinyesha paani maji huteremka kila upande.

Upande wa Kenya uko Mto Nzoia, unaokusanya maji ya Elgon na ya milima ya Cherangani, kisha unamwagika katika Ziwa Victoria huko Budalangi, kaunti ya Busia. Upande wa Uganda uko Mto Manafwa, unaotoka Elgon kwenye milima ya Bududa, ukateremka hadi tambarare ya Butaleja, iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Tororo mpaka mwaka 2005. Huko ndiko liliko shamba kubwa la mpunga la Doho.

Wazee wanaikumbuka mvua ya 1961 na 1962, iliyokuja karibu na uhuru. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2 katika miaka michache, vijiji vya pwani vikamezwa, na maji hayakurudi upesi. Baada ya hapo, katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, serikali ya Kenya ilijenga matuta ya udongo kandokando ya Nzoia ili mto usitoke njiani.

Matuta ni kinga nzuri, lakini yana mtihani wake. Mto Nzoia hubeba udongo mwingi kutoka mashamba ya juu, na udongo ule hutulia chini na kuinua kitanda cha mto. Mwaka hadi mwaka maji hupanda na tuta hubaki pale pale. Ng'ombe hupita juu yake, panya huchimba ndani yake, watu huchota udongo wake. Siku likipasuka maji hayaji polepole, huja kwa kishindo. Ndivyo ilivyokuwa Budalangi mwaka 2003, kisha 2007, kisha 2008, na tena 2020, mwaka ambao Ziwa Victoria lilifika kiwango kilichopita hata kile cha 1964. Mei 2024 ziwa likapanda zaidi ya hapo.

Fikiria maana yake kwa familia moja. Mtoto aliyezaliwa Budalangi mwaka 2000 amehama kwao mara kadhaa kabla hajafika umri wa kupata kitambulisho. Kila mara familia hulala katika shule au kambi ya mahema juu ya tuta, na shule ikilalwa na watu haisomeshi. Choo kikifurika kisima huharibika, na kipindupindu hufuata nyuma ya maji. Maji yakikauka baba hurudi kujenga upya pale pale, kwani ndipo shamba lake lilipo na ardhi yake ina rutuba kwa sababu hiyo hiyo ya mafuriko. Mtu wa mbali husema, "Kwa nini hawahami?" Aliyekaa pale anajua kwamba swali hilo halina jibu jepesi.

MIPANGO KATIKA KARATASI

Ukizisoma tarehe za mipango ya taifa utaona kwamba karibu kila mpango umeandikwa makaburi yakiwa bado mabichi.

Kenya ilianzisha Kituo cha Taifa cha Operesheni za Maafa Januari 1998, katikati ya mafuriko ya El Niño. Kituo hakijatimiza mwaka, ubalozi wa Marekani Nairobi ukalipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, na wakafa watu 213 mjini humo. Mwaka 2011, ukame ulipoivamia kaskazini, ikaundwa Mamlaka ya Taifa ya Kudhibiti Ukame. Mwaka 2013 ikaongezwa idara nyingine ya maafa. Katiba ya 2010 nayo ikatia udhibiti wa maafa katika kazi za serikali kuu na za kaunti pia. Kwa hiyo tuta likipasuka Budalangi palikuwa na milango mingi ya kubisha, na mwenye nyumba hakujulikana upesi ni yupi.

Uganda iliandika katika Katiba yake ya 1995, kifungu cha 249, kwamba kutakuwa na Tume ya Kujiandaa na Kukabili Maafa. Lakini miaka 15 baadaye kazi hiyo bado ilikuwa ya idara iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Tarehe 1 Machi 2010 mlima uliporomoka Bududa na kufukia kijiji cha Nametsi, mamia ya watu wakafa. Mvua hizo hizo zilikuwa zimeuvimbisha Mto Manafwa na kuizamisha Butaleja chini yake. Mwaka huo huo Uganda ikatoa Sera ya Taifa ya Kujiandaa na Kudhibiti Maafa, inayotaka kamati za maafa tangu wilaya hadi kijiji. Mwaka 2014 kikafunguliwa Kampala kituo cha kuratibu dharura.

Hatusemi haya kwa kubeza. Sera ni kitu cha lazima, na bila ya sera hakuna fungu katika bajeti. Lakini karatasi haina miguu, mpaka mtu wa kijijini aibebe. Mifano miwili inaonyesha hivyo. Huko Budalangi redio ya jamii ya Bulala, iliyoanzishwa kwa msaada wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, iliwapa watu habari za mto kwa lugha yao. Na huko Butaleja mwaka 2014 viliwekwa ving'ora vinavyotumia umeme wa jua kando ya Manafwa: maji yakipanda huko juu, mlinzi anapata habari na king'ora kinalia kabla mafuriko hayajafika. Hivi ni vitu vidogo ukilinganisha na jengo la ghorofa mjini, lakini saa chache za tahadhari ndizo zinazotosha kumbeba mgonjwa, kufungua mbuzi na kuchukua vyeti vya watoto.

KORONA NA FOLENI YA MALABA

Mtihani mkubwa wa mpaka wenyewe ulikuja mwaka 2020. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi, na Uganda tarehe 21 Machi. Uganda ikafunga mipaka kwa abiria, lakini malori ya mizigo hayakuweza kuzuiwa, kwani mafuta, dawa na bidhaa nyingi za Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo hupita barabara hii.

Ikaamriwa madereva wapimwe. Mwanzoni sampuli za upande wa Uganda zilipelekwa mpaka Entebbe, na majibu yalichukua siku. Kila nchi ikataka kipimo chake. Foleni ya malori Malaba na Busia ikafika makumi ya kilomita. Dereva alikaa barabarani bila choo na bila maji ya kutosha, huku akitazamwa na watu kama kwamba yeye ndiye ugonjwa. Aliyekuwa ameleta riziki jana, leo alikimbiwa.

Miaka miwili tu kabla, Februari 2018, marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walikuwa wamekizindua Busia kituo cha pamoja cha mpakani, ili msafiri akaguliwe mara moja tu. Kituo kilijengwa kwa ajili ya biashara. Kwa ugonjwa, kila nchi ilirudi nyuma ya mstari wake. Ilichukua wiki kadhaa za mazungumzo mpaka kukapatikana mapatano juu ya vyeti vya kipimo kukubaliwa pande zote, na mfumo wa simu wa Jumuiya wa kufuatilia madereva.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Upande wa Kenya, maabara iliyosaidia kupima sampuli za mpakani ilikuwa Alupe, ya taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI. Ni Alupe ile ile waliyotibiwa wagonjwa wa malale. Mahali palipotunzwa kwa ajili ya ugonjwa wa zamani palikuwa tayari kwa ugonjwa mpya. Maandalizi hayapotei, mradi yasiachwe yakafa katikati.

NA SISI TUNA MFANO

Waislamu tunakijua kisa cha Umar bin al-Khattab, radhi za Allah ziwe juu yake, alipokuwa njiani kwenda Sham na kufika Sargh, akapewa habari ya tauni. Hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, na akasikiliza waliotofautiana. Akaamua kurudi. Ndipo Abdurrahman bin Awf alipokuja na mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba penye tauni asiingie mtu wala asitoke kwa kuikimbia.

Ukikilinganisha kisa hiki na amri ya 1906 utaona tofauti. Pale kulikuwa na ushauri kabla ya amri, na kanuni iliyowabana wa ndani na wa nje sawasawa. Na kumtegemea Mungu hakukumzuia kiongozi kuuliza habari za njia.

MAFUNZO KWA FAMILIA ZETU

1. Tujue hatari ya mahali tunapokaa. Mwenye kukaa tambarare ajue mto unatoka wapi, na mvua ikinyesha mlimani siku hiyo hiyo awe macho, hata kama kwake kuna jua.

2. Vyeti vya kuzaliwa, vya shule na hati za shamba viwekwe pamoja katika mfuko usioingia maji, na kila mtu mzima nyumbani ajue ulipo.

3. Tukubaliane mapema nani atambeba bibi, nani atawashika watoto wadogo, na tutakutana wapi. Usiku wa maji si wakati wa kushauriana.

4. Anayenunua ng'ombe mnadani aulize kama ametibiwa. Ni gharama ndogo kuliko kukileta kifo kijijini.

5. Malori ya mafuta hupita na kulala katika miji yetu. Lori likipinduka, tuwaondoe watoto mbali. Januari 2009 huko Sachangwan, katika barabara hii hii, zaidi ya watu 100 waliungua walipokwenda kuchota petroli.

6. Tuulize kamati ya maafa ya kijiji au wadi yetu ni akina nani, na walikutana lini mara ya mwisho. Kama hakuna ajuaye, basi mpango wa taifa haujafika kwetu, na ni haki yetu kuudai.

Na kwa wanafunzi tunalo ombi. Likizo hii kaeni na babu na bibi, muwaulize maji ya 1961 yalifika wapi, na nani katika ukoo alikufa kwa malale. Andikeni majina na mahali. Mzee anayeweza kuonyesha kwa fimbo yake mahali maji yalipofika anajua jambo ambalo mchora ramani wa mjini huenda hakulifikia, na tukimzika bila kumuuliza tunaizika nayo elimu hiyo.

Allah atuhifadhi sisi na majirani zetu wa pande zote mbili za mpaka.

Wabillahi tawfiq.